Ndege iko Kisumu, karakana iko Wilson: mwongozo kamili wa kupanga sevisi ya ndege ndogo

Saa 1.1. Ndizo zilizokuwa zimebaki kabla ya ukaguzi wa kila saa 100 za injini, asubuhi niliyofungua mlango wa ndege yetu pale uwanja wa Kisumu na kuzisoma tarakimu za takometa, mita ya saa za injini, mara mbili nikidhani macho yananicheza. Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenye karakana, Cessna 172 yetu hula saa 1.6. Mmoja wetu kati ya watu watatu tunaoimiliki alikuwa ameenda Kitale na kurudi wikendi ile, akasahau kuandika. Basi ndege haikwenda kwa injinia. Injinia ndiye aliyekuja kwa ndege. Alipanda ndege ya abiria, masanduku ya vifaa yakamfuata kwa basi la usiku, akalala hoteli siku nne, na bili yake hadi leo siipendi kuitaja mbele ya mke wangu.

Tangu hapo mimi ndiye mshika kalamu wa ndege hiyo. Ninayoandika hapa yamfae mtu aliye Kisumu, Kakamega, Kitale au hata Nakuru, mwenye ndege ya injini moja ya pistoni na karakana iliyo mbali. Wenzetu walioegesha Wilson hawana shida hii. Wao husukuma ndege kwa mikono hadi mlangoni kwa fundi.

Jambo moja kwanza. Matengenezo yenyewe si yako. Hufanywa na fundi mwenye leseni, chini ya karakana iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, na ni yeye anayetia sahihi kwamba ndege inafaa kurudi angani. Kazi yako mwenye ndege ni kuhakikisha inafika mikononi mwake kabla muda haujakwisha, ikiwa na karatasi zake zote.

Hatua ya 1: Weka karatasi zote mezani

Usianze na kalenda. Anza na sanduku la makaratasi. Unatafuta daftari la fremu, daftari la injini, daftari la propela, cheti cha ustahiki wa kuruka, bima, leseni ya redio, na ule mpango wa matengenezo ulioidhinishwa kwa ajili ya ndege yako. Huo wa mwisho ndio mkubwa wa wote. Vipindi nitakavyovitaja hapa ni vya kawaida kwa ndege kama yetu yenye injini ya Lycoming, lakini mpango wako ukisema vingine, fuata mpango wako.

Kisha kuna maagizo ya lazima ya usalama. Ndege ikiwa imebuniwa Marekani, mamlaka ya huko, FAA, ndiyo hutoa maagizo hayo hitilafu inapogunduliwa katika aina hiyo ya ndege, injini au propela. Mengine hufanywa mara moja yakaisha. Mengine hurudi kila baada ya muda, na hayo ndiyo yanayowaponyoka watu. Mfano mzuri ni reli za viti vya Cessna. Agizo namba 2011-10-09 linataka zikaguliwe kila saa 100 au miezi 12, lolote litakalotangulia. Kwa nini reli ya kiti ipewe agizo zima? Kwa sababu tundu la reli likilika, pini hutoka wakati ndege inapaa, kiti kinateleza nyuma, rubani anashika usukani ili asianguke, naye anauvuta. Pua inapanda juu. Mwisho wake unaujua.

Mwombe fundi akuandikie orodha ya maagizo yanayojirudia, ndege yako tu, namba na kipindi cha kila moja. Ukinunua ndege kuukuu, kazi hii peke yake inaweza kula siku mbili.

Hatua ya 2: Jua kwamba ndege ina saa tatu zinazokwenda kwa pamoja

Saa ya kwanza ni ya injini. Hapa wengi huchanganya takometa na mita ya Hobbs. Hobbs huhesabu dakika kama saa ya ukutani. Takometa huhesabu mizunguko ya injini, ikakupa saa moja kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi ya kusafiri. Ukiwa chini unasubiri zamu yako ya kupaa, inatambaa. Tofauti ya mita hizo mbili kwa mwezi inaweza kuwa saa nzima na zaidi. Chagua ile inayotajwa na mpango wako, na wote wanaorusha ndege waandike hiyo hiyo. Kwa takometa, ratiba yetu ni hivi: oili na filta kila saa 50, ukaguzi kamili kila saa 100, magneto (zinazozipa plagi umeme wa cheche) zifunguliwe kila saa 500, na injini nzima ifanyiwe ukarabati mkuu ikifika saa 2,000. Injini isiyo na filta ya kuzungusha, yenye chujio la waya tu, hubadilishwa oili kila saa 25.

Saa ya pili ni kalenda, na kwa sisi wa mikoani ndiyo inayotupiga. Lycoming hawasemi saa 50 peke yake. Wanasema saa 50 au miezi minne, lolote litakalotangulia. Piga hesabu. Ukiruka saa 12 kwa mwezi, miezi minne ni saa 48: kalenda imekutangulia kwa saa mbili. Ukiruka saa sita kwa mwezi, ambazo ndizo wengi wetu huruka tukiwa wakweli, tarehe inafika oili ikiwa na saa 24 tu, na bado inatakiwa kumwagwa. Najua inauma. Lakini oili iliyokaa hukusanya maji na asidi hata kama rangi yake bado inapendeza. Hata injini yenyewe, zile saa 2,000 zina mwenzao: miaka 12. Ndege inayoruka saa 70 kwa mwaka itafikisha miaka 12 ikiwa na saa 840.

Kwenye kalenda weka pia betri ya redio ya dharura ya 406 MHz (tarehe imechapishwa juu yake), kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, hosi za mpira, dira, na tarehe za vyeti vyote vya hatua ya kwanza. Bima iliyoisha huzuia ndege sawasawa na silinda iliyopasuka.

Saa ya tatu haina mshale. Ni ya hali ya mahali. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo hatuna mateso ya Malindi na Mombasa, lakini unyevu upo na injini inayolala huupata. Katika Lycoming, kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya kranki. Oili huchuruzika kutoka kwake ndege ikisimama, na kutu huanzia hapo, mahali usipopaona bila kufungua silinda. Watengenezaji wenyewe huihesabu injini kuwa inatumika ikiwa kila siku 30 imekwenda angalau saa moja mfululizo, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Kuiwasha hapo chini kwa dakika kumi "ipate joto" hakusaidii: unatengeneza mvuke ndani ya injini halafu unaufungia humo humo. Afadhali isiwashwe kabisa. Kwa hiyo kwenye ratiba yangu, safari ya saa moja kila mwezi ni sevisi kama sevisi nyingine, imeandikwa kwa wino ule ule.

Halafu kuna wapangaji. Nyigu wa udongo hapa hawahitaji wiki. Mrija wa pitoti ukiachwa wazi siku mbili tatu, umepata nyumba ya matope, na kipimo cha kasi kimekufa siku unayokihitaji. Ndege wa manyoya nao hujenga ndani ya ndege ya bati, juu ya silinda, kwa nyasi kavu ambazo injini ikipata moto ni kuni. Vijidudu vya ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji, hujibandika kwenye kioo na kuziba filta ya hewa. Ukitua mara kwa mara kwenye viwanja vya maramu, filta hiyo usiisubirishe saa 100. Itazame kila oili inapobadilishwa, na kagua ncha za propela kila unapotua, maana kokoto moja huacha jeraha ambalo fundi hulilainisha kwa dakika ishirini leo, au hukuuzia propela nyingine baadaye.

Hatua ya 3: Andika kadi moja, si programu kumi

Zipo programu za simu za kazi hii, na lahajedwali kwenye kompyuta ni zuri kwa kumbukumbu. Lakini kinachozuia kisa cha saa 1.1 ni kadi ngumu iliyofungwa kwenye funguo za ndege. Huwezi kuiwasha bila kuishika. Yetu ina mistari mitatu tu: takometa ya mwisho wa ukaguzi, tarehe ya mwisho wa oili, na takometa ya kwenda Wilson.

Tuseme ukaguzi wa saa 100 ulikamilika Februari 20, takometa ikiwa 4,312.6. Oili inayofuata ni 4,362.6 au Juni 20. Ukaguzi unaofuata ni 4,412.6. Kwa saa 12 za mwezi, hiyo ni mwishoni mwa Oktoba. Mistari miwili imepatikana. Wa tatu ndio ulionigharimu hoteli ya siku nne.

Hatua ya 4: Hesabu kurudi nyuma kutoka Wilson

Kati ya Kisumu na Wilson kuna maili 145 za angani hivi, na katikati umelala mlima wa Mau, wenye vilele vinavyopita mita 3,000. Siku njema ni saa 1.6 kama nilivyosema. Siku mbaya unafika Kericho, unakuta wingu limekaa juu ya chai kama kifuniko cha sufuria, unageuza. Umetumia 0.7 kwenda na 0.7 kurudi. Kesho unajaribu tena kwa 1.6. Jumla ni saa 3.0, na hujafanya kosa lolote.

Basi toa tatu. Katika mfano wetu, 4,412.6 inakuwa 4,409.6, na huo ndio mstari wa tatu wa kadi. Ikifika hapo, ndege haiendi Kabunde, haiendi Suneka, haimpeleki shemeji wa mtu harusini Eldoret. Inakwenda Wilson tu. Tuliandikiana hivyo watatu sisi na kutia sahihi, kwa sababu urafiki peke yake ulikuwa umeshatushinda. Walio Nakuru wako karibu zaidi na wanaweza kutoa pungufu. Aliye Kitale na aongeze.

Watu huuliza kama hakuna nafasi ya kuzidisha saa kidogo. Baadhi ya mipango huruhusu, kwa kiwango kilichoandikwa. Soma wako. Ila usiipangie safari nafasi hiyo. Hiyo ni ya dharura, na katika mipango mingi saa ulizozidisha hukatwa kwenye kipindi kinachofuata. Na muda ukikwisha kabisa ndege ikiwa kwako, iko njia ya kuomba KCAA kibali maalumu cha kuipeleka matengenezoni, baada ya fundi kuikagua na kusema inaweza kuruka safari hiyo. Njia hiyo ipo, lakini ina makaratasi na ina kungoja, na fundi bado atatakiwa kuja kwako kwanza.

Hatua ya 5: Chagua mwezi

Hapa mimi na injinia wetu hatukubaliani, kwa hiyo sikiliza pande zote mbili. Yeye husema ukaguzi kamili uwekwe Aprili: mvua za masika ziko juu, hutaruka sana, kwa hiyo ndege ikilala kwenye karakana wiki mbili hujapoteza kitu. Mimi nasema Aprili ndiyo ndege haifiki huko, kwa sababu ya Mau ile ile. Napendelea wiki mbili za mwisho za Februari. Anga bado ni kavu, asubuhi unauona mlima wote, na ndege ikitoka Machi mapema iko tayari, oili mpya, mifuniko na mipira ya milango imekaguliwa kabla ya mvua kuanza kuingia ndani.

Tunachokubaliana ni kukwepa Julai hadi Oktoba. Nyumbu wakiwa Mara, ndege za kukodi zinaruka kila siku, na karakana ina haraka na wateja wanaopoteza pesa kila saa. Cessna ya watu watatu wa Kisumu itasukumwa ukutani. Ukaguzi ukikuangukia katika miezi hiyo, unaweza kuuvuta mbele. Ukifanya mapema kwa saa 15, umezipoteza saa 15, basi. Kuna mwaka tulifanya hivyo na sikujuta.

Hatua ya 6: Piga simu wiki sita kabla, na uandike barua

Simu ni ya kuomba nafasi. Barua ni ya kazi. Iandike hivi: namba ya usajili inayoanza na 5Y, takometa itakayokuwa nayo ikifika, ukaguzi unaotakiwa, maagizo yanayojirudia yatakayofikia muda wake kabla ya ukaguzi mwingine, na hitilafu zote ulizoziona, hata zile ndogo. Usiandike "redio ina shida". Andika redio ya pili inakatika ukibonyeza kitufe cha usukani wa kulia, baada ya dakika ishirini hivi angani. Fundi hulipwa kwa saa. Kila saa anayotafuta shida unayoijua tayari, unamlipa akufahamishe jambo lako mwenyewe.

Uliza pia la kuchanganya. Kama magneto zimebakiza saa 30 kufika 500, na ndege imeshafunuliwa boneti, zifanywe sasa. Injinia wetu ana swali lake la kila mara, tangu kisa kile: "Bwana mdogo, safari hii umebakisha ngapi?" Nami humjibu, "Mzee, tatu kamili," naye hucheka.

Hatua ya 7: Vipuri

Vingi hutoka Marekani, na muda wa kungoja hauko mikononi mwako wala mwa fundi. Kabla ya ndege kuondoka Kisumu, uliza ni vipi viko rafuni na vipi viagizwe. Mimi huweka nyumbani filta mbili za oili, plagi kadhaa, mpira wa ndani wa gurudumu la mbele, na pedi za breki. Kila kipuri kije na cheti chake, Fomu 8130-3 ya FAA au Fomu 1 ya EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya. Bila karatasi hiyo fundi anayejiheshimu hatakifunga, hata king'ae vipi. Hapa si Kirinyaga Road, ambako unapimiwa pampu ya Probox mkononi na kuambiwa "hii ni original". Huwa nafikiri juu ya miaka ya 1930, ndege za maji za Imperial Airways zikitua hapa kwenye ghuba ya Kisumu. Leo nikitaka plagi moja napanda Mau.

Hatua ya 8: Kati ya sevisi na sevisi

Baada ya kila safari andika takometa na chupa za oili ulizoongeza. Kiasi chenyewe si muhimu kama mwelekeo: injini iliyokuwa ikinywa chupa moja kwa saa kumi, ikaanza kuinywa kwa saa sita, inakuambia kitu. Funika pitoti, ziba matundu ya boneti, na maji yakaguliwe kwenye tangi kila asubuhi, hasa likiwa limelala nusu.

Na kuna mambo yanayofuta ratiba yote papo hapo. Kutua kwa kishindo. Mvua ya mawe, ambayo Kericho na Nandi huijua vizuri. Propela kugonga chochote, hata nyasi ndefu zenye kichuguu ndani yake, hata kama injini iliendelea kuzunguka bila kutikisika. Hapo usihesabu saa zilizobaki. Funga mlango, piga simu kwa fundi.

Hatua ya 9: Kuipokea

Usilipe na kuruka siku ile ile ukiwa na haraka ya kuvuka Mau kabla ya mawingu ya mchana. Jipe asubuhi nzima. Soma hati ya kuirudisha ndege kazini, hakikisha namba ya usajili, takometa na tarehe ni sahihi, na kila agizo uliloliomba lina sahihi yake. Nakili vipimo vya mgandamizo vya kila silinda. Hupimwa kwa hewa ya psi 80, na silinda iliyotoka 76 hadi 70 katika ukaguzi mmoja nataka kuijua mimi, si fundi peke yake. Omba uoneshwe filta ya oili ilivyokatwa. Vumbi la chuma likiwemo, utaliona likimeta.

Kisha zunguka ndege kana kwamba hujawahi kuiona: vifuniko vyote vimefungwa, hakuna bisibisi iliyosahauliwa, na usukani ukigeuzwa kushoto, bawa la kushoto ndilo linaloinua eleroni yake (kile kibao kinachocheza nyuma ya bawa). Waya zimewahi kuunganishwa kinyume duniani, na mafundi wazuri. Safari ya kwanza iwe mchana, bila abiria, juu ya uwanja wenyewe kwa nusu saa, halafu utue ufungue boneti utazame kama oili inavuja. Ndipo uelekee Kisumu.

Ukishatua Usoma, uwanja wetu wa Kisumu, kabla hujashusha begi, badilisha kadi kwenye funguo. Yetu leo asubuhi inasoma 4,509.2 kwa ukaguzi, Septemba 18 kwa oili, na 4,506.2, kwa wino mwekundu, kwa Wilson.